Gari Likianza Kulia: Namna ya Kusaka Kelele za Breki na Usukani

Gari la miaka 20 na ushee halikosi kelele. Dashibodi inatikisika, mlango wa nyuma unagonga, bati la ekzosi linalia kila ukipita kwenye rasta, na dereva anazoea. Ubaya wa mazoea hayo ni kwamba mlio wa breki au wa usukani nao unaingizwa kwenye kundi hilohilo, na mtu anaongeza sauti ya redio. Mlio huo haustahili kuzoewa. Bolijointi inayolalamika ndiyo inayoishikilia tairi isikunjike chini ya gari, na brekipedi inayolia imebakiza milimita chache za kukusimamisha pale daladala ya mbele itakapofunga breki ghafla.

Uzuri wake ni kwamba vifaa hivi huwa vinatoa taarifa mapema. Wenye Corolla 110, Mark II, Noah, RAV4 ya mwanzo au Vitz wanafahamu kwamba spea za magari hayo zinapatikana karibu kila mji, na mafundi wake ni wengi. Kinachokosekana mara nyingi ni maelezo. Mtu anafika gereji, anasema "mbele kunagonga", fundi anaanza kubahatisha, na kila anapobahatisha mwenye gari ndiye anayelipa. Nimeona reki ya usukani ikibadilishwa nzima kwa sababu ya mgongano ambao siku ya pili yake ulikuwepo vilevile, na chanzo kikaja kuonekana kuwa ni stabilaiza linki, kijiti chenye bolti mbili ambacho fundi hukibadilisha kabla chai haijapoa. Pesa ile ingeokolewa na dakika chache za kusikiliza.

Uliza "lini" kwanza

Milio ya gari inafanana mno. Kijiwe kilichonasa kati ya diski na bati lake la kukinga vumbi kinaweza kukwaruza sawasawa na brekipedi iliyokwisha kabisa. Masikio peke yake hayatakusaidia kuvitofautisha. Utavitofautisha kwa kuangalia sauti inatokea wakati gani: ya kijiwe inasikika gari linapotembea, hata kama hujagusa breki, ya pedi iliyokwisha inazidi pale unapokanyaga.

Kwa hiyo kabla hujafungua boneti, toka na gari ukalisikilize. Toa kwanza jeki, spana na chupa zote zilizolala chini ya viti na kwenye buti, maana jeki iliyolegea imewasumbua watu wengi. Zima redio na feni, shusha vioo. Chagua barabara isiyo na magari mengi, asubuhi mapema ikiwezekana, na mchukue mtu mwingine aketi kiti cha nyuma. Yeye ataisikia kona ambayo wewe kwenye usukani huisikii. Ukipata ukuta mrefu, pita kandokando yake kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Ukuta unakurudishia sauti ya tairi za upande ule, kisha geuza upite upande wa pili.

Kila jaribio libadilishe jambo moja tu. Kanyaga breki kidogo, halafu kanyaga zaidi. Ongeza mwendo bila kukata kona. Kata kona kulia, kisha kushoto, kwa mwendo uleule. Pita kwenye tuta tairi mbili za mbele kwa pamoja, halafu tafuta mahali pa kupandisha tairi ya upande mmoja. Weka nyutro gari likiwa linatembea kwenye tambarare: mlio ukibaki vilevile huku injini ikiwa imeshusha mzunguko, chanzo kiko kwenye tairi na vinavyoizunguka. Injini yenyewe usiizime gari likiwa kwenye mwendo. Ukiizima unapoteza msaada wa buusta ya breki na wa usukani, na ufunguo ukirudi hadi mwisho usukani unaweza kujifunga.

Andika ulichokiona. "Inagonga ko-ko, kushoto mbele, kwenye matuta madogo tu, haigongi kwenye tuta kubwa, haihusiani na breki." Sentensi hiyo moja inamwambia fundi mengi kuliko kumwachia gari siku nzima. Na mlio ukiwa wa kujificha, urekodi kwa simu. Mara ngapi gari limenyamaza kimya mbele ya fundi?

Kuna jambo moja la kukagua kabla ya mengine yote: nati za tairi. Kama mlio umeanza baada ya kuziba pancha au kubadilisha tairi, simama hapo ulipo ukazikaze. Nati zilizolegea hugonga taratibu kwenye mwendo mdogo, usukani unaanza kuyumba, na mwendo ukiongezeka bolti zinaweza kukatika tairi ikachomoka. Kwenye Toyota nyingi ndogo kipimo cha kukaza ni nyutoni-mita 103. Asiye na spana ya kipimo akaze kwa mpangilio wa kuvuka, nati moja kisha ya upande unaoikabili, tairi ikiwa imegusa ardhi.

Milio ya breki

Mlio mwembamba, *kwiii*, unaotoka ukikanyaga breki kidogo na kupotea ukikanyaga sana, ndio unaosikika zaidi. Pedi nyingi zimefungwa kijibati chembamba cha kutoa onyo. Pedi ikiisha hadi kubaki na milimita 2 hivi, kijibati kinaigusa diski na kuanza kupiga kelele. Pedi mpya ina milimita 10 hadi 12 za kitambaa chake, bila kuhesabu bati la nyuma. Huhitaji kuifungua ili kuiona: zungusha usukani hadi mwisho, chungulia kwa tochi kupitia uwazi wa rimu, utaiona pedi ya nje imekaa ubavuni mwa diski. Ikibaki milimita 3, nunua nyingine. Ya ndani pia iangaliwe, kwani mara nyingi ndiyo inayowahi kwisha wakati ya nje bado inapendeza.

Pedi zikiwa nene na bado zinalia, chanzo huwa ni pedi ngumu za bei ya chini, uso wake kung'aa kwa joto, au vibati na klipu za kuzuia mtetemo kutorudishwa siku zilipofungwa. Fundi anayepiga msasa pedi na diski atakupa ukimya wa siku chache. Dawa ni kurudisha klipu zote, kusafisha mahali pedi inapoteleza, na kupaka grisi inayostahimili joto nyuma ya bati la pedi, kidogo tu, mbali kabisa na kitambaa.

Mkwaruzo mzito, *krrr*, chuma kwa chuma, ni habari nyingine. Hapo kitambaa kimekwisha na bati linaila diski. Usiseme nitafika mwisho wa mwezi. Kila kilomita inaongeza gharama ya diski juu ya gharama ya pedi, na umbali wa kusimama unarefuka. Pitisha ukucha kwenye uso wa diski ikiwa imepoa: mikwaruzo inayonasa ukucha, au ukingo uliosimama pembeni, ni dalili kwamba diski imeliwa. Unene wake wa mwisho huchapwa kwenye diski yenyewe, kwenye kitovu au ukingoni, baada ya herufi MIN TH. Fundi mchongaji anaweza kuisawazisha kwenye mashine ikiwa bado itabaki juu ya kipimo hicho. Ikishuka chini yake haichongwi tena; diski nyembamba haimudu joto, na inaweza kupasuka.

Hata hivyo si kila mkwaruzo ni msiba. Gari likilala nje kwenye mvua, au likikaa siku kadhaa Tanga, Mombasa, mahali popote penye hewa ya bahari, diski zinashika kutu nyepesi usiku mmoja. Breki tatu nne za asubuhi zinaifuta, na sauti inakwisha. Kijiwe nacho hutoka mara nyingi kwa kurudi nyuma mita chache. Kisipotoka, toa tairi na usogeze bati la kukinga vumbi kwa bisibisi mpaka kidondoke.

Pedali ikidunda chini ya mguu ukipunguza mwendo kutoka kilomita 80, unene wa diski hauko sawa kuzunguka. Usukani ukitetemeka mikononi, anza na diski za mbele. Mtetemo ukiusikia zaidi kwenye kiti, kagua nyuma. Usichanganye na ABS. Gari lenye ABS ukilifunga breki kwa nguvu kwenye changarawe au barabara ya utelezi, pedali inakupiga mguu kwa kasi na kitu kinanguruma mbele. Hiyo ndiyo kazi yake. Endelea kukanyaga, usiachie.

Mgongano mmoja mkavu, *tak*, unaosikika breki ya kwanza baada ya kurudi nyuma, unatokana na pedi kuhama nafasi ndani ya kalipa. Klipu zikiwepo na zikiwa nzima, mwendo huo ni mdogo na hausikiki. Lakini *tak* hiyohiyo inaweza kuwa bolti za kalipa zilizolegea, kwa hiyo shika kalipa kwa mkono gari likiwa limepoa na uitikise. Ikicheza yote pamoja na kishikizo chake, gari lisiondoke hapo mpaka bolti zikazwe kwa kipimo.

Kalipa inayonata haipigi kelele nyingi, ila ina dalili tatu zinazotembea pamoja: gari linavuta upande mmoja, kuna harufu ya kuungua, na rimu moja ni ya moto kuliko nyingine. Baada ya safari ambayo hukutumia breki sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, tofauti itajieleza. Mara nyingi ni pini za kalipa zilizokauka. Zisafishwe, zipakwe grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha mipira, na baada ya muda pini zinakwama kuliko mwanzo. Pini zikiwa salama, shuku mpira wa breki unaopeleka mafuta kwenye tairi ile. Mpira wa miaka mingi huvimba kwa ndani, ukawa unaruhusu mafuta kwenda lakini hauyarudishi. Kujaribu ni rahisi: tairi ikiwa juu na imekwama, legeza kidogo skrubu ya kutolea upepo. Mafuta yakichuruzika kwa nguvu na tairi ikaachia, presha ilikuwa imefungiwa, na mpira ndio wa kutazamwa kwanza.

Nyuma, magari mengi ya aina hii yana dramu. Dramu hukusanya vumbi la breki, na brekishuu zinakwaruza sehemu zinapoegemea bati la nyuma. Kufungua, kusafisha na kupaka grisi kidogo kwenye sehemu hizo za kuegemea kunamaliza kelele nyingi. Vuta pia ukingo wa mipira ya silinda ndogo. Ukikuta majimaji humo, silinda inavuja, na shuu zilizolowa mafuta hazifai tena hata zikifutwa. Hapa naomba nisikilizwe kwa makini: vumbi hilo lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Pedi na shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, vumbi lake linaharibu mapafu na kusababisha saratani, na madhara hujitokeza miaka mingi baadaye. Huwezi kujua kwa macho kama za kwako zinayo. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa tambara, lifunge tambara kwenye mfuko ulitupe. Mwambie fundi pia, na vijana wake wanaojifunza kazi, kwa sababu wao ndio wanaolivuta kila siku.

Ukisikia *sss* karibu na miguu kila ukikanyaga, na pedali imekuwa ngumu, kagua buusta. Zima injini, kanyaga pedali mara tano sita mpaka iwe ngumu, endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Buusta nzima itaifanya pedali izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, ama buusta inavuja, ama mpira wake wa upepo umechanika au umechomoka.

Usukani unapolalamika gari limesimama

Milio ya usukani inajieleza vizuri zaidi gari likiwa limesimama, kwani hapo breki na beringi hazihusiki. Washa injini, zungusha usukani taratibu toka mwisho hadi mwisho, na usikilize.

Mlio wa kuvuma, *uuu*, unaopanda ukizungusha, ni wa pampu ya hidroliki. Fungua chombo chake: mafuta yawe kati ya alama za COLD au HOT kulingana na joto la injini, yawe mekundu na yasitoe povu. Povu maana yake pampu inavuta hewa, aghalabu kwenye mpira wa kuingiza mafuta ambao klipu yake imelegea. Mafuta meusi yenye harufu ya kuungua yamekwisha muda. Toyota za umri huo hutumia ATF aina ya Dexron II au III. Honda ina mafuta yake ya usukani, na kuichanganyia ATF kunaharibu sili. Ili kutoa hewa, nyanyua tairi za mbele, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho mara kumi na zaidi huku ukiongeza mafuta, ndipo uwashe.

Mngurumo unaotokea usukani ukifika mwisho kabisa ni vali ya kupunguza presha ikifanya kazi. Si ugonjwa, ila usiushikilie pale zaidi ya sekunde chache. Mafuta yanachemka na pampu inaumia. Mkanda nao una mlio wake mkali unaotokea ukiwasha gari asubuhi au ukizungusha hadi mwisho. Kwa huo, mkanda ukazwe, au ubadilishwe kama umepasukapasuka. Wenye Vitz, Ist na Passo msihangaike kutafuta chombo cha hidroliki. Usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme, na ukiwa mzito ghafla anzia kwenye betri, altaneta na taa ya onyo ya dashibodi.

Kuna mlio wa kukwaruza unaofanana na bawaba kavu ya mlango, unaotoka chini mbele ukizungusha usukani polepole. Huo mara nyingi ni wa bolijointi iliyokauka. Lala chini utazame: kila bolijointi imevikwa mpira mdogo ulioshikilia grisi. Mpira ukichanika, maji na vumbi vinaingia, grisi inatoka, na chuma kinaanza kusagana. Utaona ufa, na kuzunguka ufa huo utaona tope jeusi la grisi iliyochanganyika na udongo. Kuchoma sindano ya grisi kwenye mpira huo, kama wengine wanavyofanya, kunanyamazisha kelele na kuuacha ugonjwa. Ni ukimya wa hatari, maana bolijointi ikichomoka tairi inalala ubavu papo hapo, na hakuna usukani tena.

Na kama usukani unazunguka kwa kushtukashtuka huku springi ikilia *twang*, mtu mmoja azungushe usukani na wewe uweke kiganja juu ya springi ya mbele, kupitia nafasi ya juu ya tairi. Vidole vyako viwe nje ya mizunguko ya springi, visiingie kati. Springi yenye afya inageuka laini pamoja na shokapu. Ikijikunja, ikangoja, kisha ikaruka mkononi mwako, kitako cha juu cha shokapu na beringi yake vimekwama.

Kugonga barabarani

*Ko-ko-ko* kwenye matuta madogo na barabara ya mawe, bila kuhusiana na breki, anza na stabilaiza linki na bushi za stabilaiza. Ndizo za bei nafuu na ndizo zinazokufa kwanza kwenye barabara zetu. Dalili yake ni kwamba kwenye tuta kubwa, tairi zote mbili zikipanda pamoja, kelele hupungua, na tairi moja ikiingia shimoni inaongezeka. Shika linki kwa mkono uitikise. Iliyochoka utaisikia ikigonga vidoleni.

Kwa mengine, inabidi kunyanyua gari. Simamisha mahali pagumu na tambarare, weka mawe nyuma na mbele ya tairi zinazobaki chini, vuta hendibreki, na gari lilale juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia. Mtu asiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Shika tairi kushoto na kulia, uivute na kuisukuma. Ikicheza, mwenzako achungulie nyuma yake: ama tairodi endi itaonekana ikiruka, ama mlegeo unatoka ndani zaidi, kwenye reki. Kisha shika juu na chini. Ikicheza hapo, ni beringi au bolijointi, na njia ya kuzitenganisha ni nyepesi: mwenzako akanyage breki. Mlegeo ukipotea, ulikuwa kwenye beringi, kwa kuwa breki imeifunga tairi na kitovu chake pamoja. Ukibaki, ni bolijointi. Kwa gari ambalo springi imekaa juu ya mkono wa chini, pandisha mkono huo kidogo kwa jeki ya pili kabla ya kupima, vinginevyo uzito wa springi utaficha mlegeo.

Beringi ina sauti yake pia barabarani: mvumo unaoanza kilomita 40 au 50 na kupanda na mwendo. Kata kona ndefu kushoto. Uzito unahamia kulia. Mvumo ukiongezeka, shuku beringi ya kulia, na ukipungua, shuku ya kushoto. Tairi zilizoliwa vibaya zinavuma karibu vilevile, lakini sauti yake inabadilika lami ikibadilika. Bado una shaka? Hamishia tairi za mbele nyuma. Mvumo ukihama nazo, umeokoa bei ya beringi.

*Tak-tak-tak* ya haraka ukikata kona kali huku unakanyaga mafuta ni siivijointi ya nje. Chungulia ndani ya rimu na kwenye mpira wake. Mpira uliopasuka hutapanya grisi nyeusi pande zote. Ukiuwahi mpira kabla jointi haijaanza kulia, unabadilisha mpira na grisi tu. Mark II, kwa kuwa inasukumwa na tairi za nyuma, haina jointi hiyo mbele, basi yeyote anayekuuzia siivijointi ya mbele ya Mark II ya tairi mbili, mwage.

Kwa fundi na dukani

Chukua namba ya chesisi kabla ya kwenda Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road jijini Nairobi. Corolla mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana diski na pedi, na macho hayatoshi. Pedi na shuu zinabadilishwa kwa ekseli nzima, kushoto na kulia, kamwe si tairi moja. Bolijointi na tairodi mtumba usinunue. Umri wake huujui. Baada ya kufunga tairodi, peleka gari kupimwa alainimenti, la sivyo tairi zitaliwa upande.

Mafuta ya breki yawe DOT 3 au DOT 4, kama yalivyoandikwa kwenye kifuniko. Yananyonya unyevu wa hewa, ndiyo maana hubadilishwa kila miaka 2. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, ikishalowa unyevu kipimo kinashuka hadi 140, na mafuta yakichemka pedali inazama mpaka chini. Hilo huwapata watu kwenye mteremko: ukishuka Kitonga ukitokea Iringa, au barabara ya Mai Mahiu, weka gia ya 2 au L tangu juu, injini ikusaidie, breki iwe ya kuguswa na kuachiwa. Ukiona moshi, egesha, breki zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, diski ya moto hupinda au kupasuka. Na mafuta ya hidroliki au ya injini yakiingia kwa bahati mbaya kwenye chombo cha breki, usiwashe gari ukidhani utayanyonya baadaye. Mipira yote ya mfumo itavimba.

Kuna jambo mafundi wengine wa pembeni mwa barabara hufanya ambalo linaniuma sana: tairi moja ikisumbua, wanaziba bomba lake la breki kwa msumari au bolti, gari linabaki na breki tatu. Dereva anaambiwa atapita kurekebisha. Siku ya kufunga breki ghafla gari linageuka upande, na waliomo ndani hawakuwa wamearifiwa. Ukinunua gari la mkononi, fuatilia mabomba yote manne kwa macho yako mpaka kwenye tairi.

Pedi mpya zikifungwa, kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu, ndipo uondoke. Pedali ya kwanza baada ya kazi huzama hadi sakafuni. Kisha zizoeshe. Kwenye barabara tupu, punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 10, mara 8 hivi, bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi ya kupoa katikati. Harufu kidogo siku hiyo ni ya kawaida. Kesho yake kagua kiwango cha mafuta ya breki, tazama kama kuna unyevu kwenye kalipa na silinda, na baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kukaza nati za tairi zote zilizofunguliwa.